USIMFICHE MWANAO: Ramadhani na Vijana Wanaougua Maradhi ya Akili

(Haya ni maneno ya mada iliyotolewa na dada yetu, muuguzi wa maradhi ya akili ya watoto na vijana, mbele ya vijana na wazazi katika kikao cha kuukaribisha mwezi mtukufu. Tumeyaacha karibu kama alivyoyasema.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.



Niliposimuliwa juu ya kikao hiki niliambiwa, "Dada, tupe mada ya Ramadhani na afya." Nikajua mnatarajia niseme habari za sukari na presha, na kwamba viazi karai na sambusa ziwe kwa kiasi. Hayo ni muhimu, lakini wako madaktari wanaoyajua kuniliko. Kazi yangu mimi ni nyingine. Mimi nauguza watoto na vijana walioshikwa na maradhi makubwa ya akili. Nikaomba nizungumze hilo, na wenyeji wetu wakakubali, Allah awalipe kheri.

Nasema nikaomba kwa sababu si mada inayopendwa. Siku moja harusini, mama mmoja niliyekaa naye aliniuliza nafanya kazi gani. Nilipomjibu, alimchukua mtoto wake aliyekuwa katikati yetu akamhamishia upande wa pili. Tukacheka wote wawili, lakini mtoto hakurudi upande wangu! Basi tukiwaogopa hata wauguzi, je, hao wagonjwa wenyewe tunawafanyaje?

KIJANA ALIYESIFIWA MSIKITINI

Nitaanza na kisa kimoja. Jina la kijana sitalitaja wala mtaa wake, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili asijulikane. Mamake ameniruhusu nikisimulie. Alisema, "Sema, sista, pengine mwana wa mwenzangu ataokoka."

Alikuwa na miaka 17, yuko kidato cha tatu, kijana mpole na msomi. Mwanzoni mwa mwaka ule aliacha kulala. Siku kumi mfululizo akilala saa moja au mbili tu, na hachoki. Maneno yakimtoka kama mvua. Viatu vyake na vitabu akavigawa, akasema yeye amechaguliwa kuinunua skuli yao. Alhamdulillah, mjomba wake alikuwa mtu wa kuelewa, akamleta hospitali. Daktari akasema ni ugonjwa wa bipola. Akapewa dawa, na baada ya wiki kadhaa akatulia, akarudi darasani.

Mwezi wa Shaaban alikuja kliniki na mamake. Mzima kabisa, anatabasamu. Nikaitazama kadi yake, nikampa vidonge vya miezi miwili, nikamwambia, "Asubuhi na usiku, usikose." Nikamwambia mamake, "Ramadhani Mubarak." Wakaenda zao.

Ndugu zangu, Ramadhani Mubarak nilisema, lakini swali moja sikuuliza: Je, utafunga? Na ukifunga, hicho kidonge cha asubuhi utakinywa saa ngapi? Mimi Mwislamu, binti wa Mwislamu, nafunga mimi mwenyewe, lakini sikuuliza.

Ramadhani ilipoandama, kijana akaacha kidonge cha asubuhi. Baada ya wiki moja akajiona hana neno, akaacha na cha usiku. Baada ya tarawehe anakaa na wenzake barazani mpaka daku, na baada ya daku anasoma Qur'an mpaka alfajiri. Halafu asubuhi skuli. Ilipofika siku ya 15 alikuwa halali kabisa. Watu msikitini wakamsifu. "Mashallah, tazameni kijana alivyoongoka." Mamake peke yake ndiye aliyeona macho yake yanavyong'ara, na futari haigusi, na maneno yameanza kumtoka mbio tena. Alipotaka kusema, jamaa wakamwambia, "Mama, wataka kumzuilia mtoto ibada?" Akanyamaza.

Usiku wa kuamkia siku ya 23, saa tisa, kijana alitoka akaanza kugonga milango ya watu. Anapiga kelele kuwa ameuona Laylatul Qadr na kila mtu atoke. Nyumba ya tatu hawakufungua, akaparamia ukuta. Mtu akapiga ukelele: Mwizi! Na mwajua mwizi afanywavyo mitaani kwetu. Alivunjwa mkono na taya. Aliyemuokoa ni muadhini aliyekuwa akienda msikitini, aliyeijua sauti yake akajitupa juu yake.

Baada ya Idi mamake alikuja kwangu. Aliniambia, "Sista, hatukutaka kukosea. Twalitaka afunge kama wenziwe." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa langu mimi niliyefunzwa na nisiulize. Lakini nataka muone pia kuwa kosa halikuishia kwangu. Waliomsifu hawakuuliza. Jamaa walimnyamazisha mama. Na mama, ambaye alijua kuliko sisi sote, aliona haya kusema mbele za watu kuwa mwanawe ni mgonjwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

MARADHI GANI HAYA?

Si kila kijana anayenuna ana maradhi ya akili. Kijana kukasirika, kujifungia chumbani siku ya matokeo mabaya, kubishana na babake, hayo ni maisha. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 katika kila 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo fulani la afya ya akili. Wengi wao ni hofu na huzuni zinazotibika kwa mazungumzo na msaada wa karibu. Lakini wako wachache wanaoshikwa na maradhi makubwa, na hao ndio watu wangu.

Kuna skizofrenia, ambapo mtu husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au huamini kwa dhati kuwa jirani, mwalimu au hata mamake anamfanyia njama. Kuna bipola, kama ya kijana yule, ambapo mtu hupanda juu mno kisha akaanguka chini mno. Na kuna huzuni kuu, depresheni, inayomkausha mtoto mpaka hali, halali, wala haoni sababu ya kuishi. Maradhi haya mara nyingi huanza baina ya ujana na miaka ya ishirini. Kwa mtoto mdogo chini ya miaka 13 skizofrenia ni nadra sana.

Wazazi, tazameni mabadiliko. Mtoto aliyekuwa na marafiki sasa hataki kumuona mtu. Aliyekuwa wa kwanza darasani hawezi kusoma ukurasa mmoja. Anazungumza peke yake na kuitika asiyeitwa. Anaacha kuoga. Halali usiku na hachoki mchana. Anafunika madirisha kwa kuogopa kutazamwa. Jambo moja kwa siku moja si kitu. Lakini mambo haya yakikusanyika na yakaendelea kwa wiki, msingoje.

Na mama zetu, hili naliomba mlishike: maradhi haya hayatokani na malezi yako mabaya, wala si dalili kuwa mtoto hana imani. Yanatokana na mambo mengi yanayokutana, damu ya ukoo, ubongo wenyewe, mateso na misiba mtoto aliyopitia, na wakati mwingine bangi. Vijana, sikizeni hapo kwenye bangi. Ubongo wa kijana bado unakua, na bangi humuongezea hatari ya kupata wazimu, hasa aliye na maradhi haya katika ukoo. Nawaambia nilivyoviona kwa macho yangu, na utafiti umevithibitisha.

JINI AU MARADHI?

Najua swali lililo nyoyoni mwenu. Sista, na majini je? Na hasadi je? Mimi si sheikh, na mashekhe wetu wako hapa. Ulimwengu wa majini umetajwa katika Qur'ani na sisi tunauamini. Kisomo ni sunna na Qur'ani ni ponyo. Sijamzuia mzazi yeyote asimsomee mwanawe, na mimi mwenyewe huwasomea.

Ninachokataa ni haya: kumpiga mtoto ati unampiga jini. Kumfukiza moshi mpaka apaliwe. Kumfunga kamba au mnyororo. Kumnyima chakula. Kumnywesha vitu visivyojulikana, na kumwambia asiguse dawa za hospitali. Nimepokea watoto wenye vidonda vya kamba mikononi. Jini hatoki kwa kipigo, anayeumia ni mtoto. Na aliyeshika fimbo huwa amekwisha kuchukua pesa za mama maskini, pengine ameuza hata mkufu wake.

Mtume (S.A.W.) aliulizwa na mabedui kama wajitibu, akawaamrisha wajitibu, kwani Allah hakuleta ugonjwa ila ameuletea na dawa. Kwa hivyo dua na dawa ni ndugu, hawagombani. Msomee mwanao usiku, na asubuhi mlete kliniki.

Wengine husema hospitali za akili ni mambo ya wazungu. Si kweli. Waislamu walikuwa na hospitali zenye wadi za wagonjwa wa akili karne nyingi zilizopita. Ile aliyoijenga Sultan Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu yao. Na Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja, akaeleza kuwa nafsi nayo huugua kama mwili. Hapa kwetu, hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910, na Mombasa tuna Port Reitz. Watoto wetu huyatumia majina haya kutukanana. "Wewe ni wa Mathari!" "Wewe wa Port Reitz!" Wanajifunza wapi? Kwetu sisi. Kisha siku mama akihitaji kumpeleka mwanawe huko, anapita njia za nyuma kwa aibu.

TUNAFANYA NINI HUKO KLINIKI?

Wengi hudhani mtoto akifika tu atadungwa sindano afungiwe. Hebu niwaeleze.

Kwanza tunasikiliza. Namsikiliza mzazi peke yake, kisha mtoto peke yake, kwani yako mambo mtoto hawezi kuyasema mbele ya mamake. Nauliza usingizi, chakula, skuli, marafiki, madrasa. Nauliza kama kuna mtu anayemdhuru. Nauliza kama anasikia sauti, na zinamwambia nini. Simcheki wala simbishii. Nikimwambia "Hakuna sauti hapo, unajidanganya," nimempoteza, kwa sababu yeye anazisikia kweli. Namwambia, "Mimi sizisikii, lakini naona zinakuogofya. Tukae tuone tutakusaidia vipi."

Pili tunaupima mwili. Hili ni muhimu sana, wazazi. Mtoto akianza kuweweseka ghafla na ana homa, au shingo imekauka, au amepata degedege, hiyo ni dharura. Inaweza kuwa malaria imepanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Msingoje siku ya kliniki yangu na msimpeleke kwa mganga. Mpelekeni hospitali saa ile ile, ichelewe swala isichelewe roho.

Tatu ndiyo dawa, pale zinapohitajika, na mazungumzo ya tiba, na kuwafundisha watu wa nyumbani. Dawa hizi huchukua wiki kabla hazijaonyesha kazi yake yote. Zina taabu zake, nyingine hunenepesha, nyingine hulevya usingizi, nyingine hukaza misuli. Tukiambiwa twaweza kubadilisha. Mtoto akizitupa chooni kimya kimya hatujui. Nne tunazungumza na skuli ili apokelewe arudi. Na hapo huja kazi ndefu, mwaka, miaka miwili, mitano, ya kutembea naye.

Si wote wanaopona kabisa, siwezi kuwadanganya. Lakini wengi hupata nafuu, wakasoma, wakaoa na kuolewa, wakafanya kazi. Na tunalojua kwa hakika ni kuwa kadiri ugonjwa unavyokaa bila kutibiwa, ndivyo kurudi kunavyokuwa kugumu. Miezi ile ya mwanzo tunayoipoteza kwa kuona haya ndiyo miezi ya dhahabu.

MTUME (S.A.W.) NA YULE MAMA WA MADINA

Iko hadithi aliyoipokea Anas (R.A.), imo katika Sahih Muslim, na mimi hujisomea mwenyewe ninapochoka na kazi. Palikuwa na mwanamke Madina ambaye akili yake ilikuwa na kitu. Siku moja akamwambia Mtume (S.A.W.) kuwa ana haja naye. Mtume hakumfukuza, wala hakumwambia mtu amuondoe. Alimwambia achague njia yoyote aipendayo ili amtimizie haja yake. Akasimama naye pembeni ya njia mpaka haja yake ikaisha.

Hebu fikirini. Kiongozi wa umma, ana wageni, ana vita, ana wahyi unamshukia. Na mwanamke ambaye pengine watu walikuwa wakimkwepa njiani anaambiwa achague yeye mahali. Hadithi haituambii haja yenyewe ilikuwa nini. Tunajua tu kuwa alisikilizwa mpaka akamaliza. Ndugu zangu, nusu ya kazi yangu ni hiyo, na haihitaji cheti. Kila mmoja wenu aweza kuifanya.

RAMADHANI IKIINGIA

Sasa nije kwenye mambo ya kufanya. Tafadhali mshike kalamu.

1. Nendeni kliniki kabla ya mwezi kuandama. Rajab au Shaaban mwambieni daktari waziwazi, "Mwanangu ataka kufunga." Daktari asiye Mwislamu hawezi kujua mpaka umwambie, na kama mlivyosikia, hata muuguzi Mwislamu aweza kusahau.

2. Msiache wala kubadilisha dawa kwa rai yenu. Ziko dawa zinazoweza kuhamishwa zote zikanywewa usiku baada ya futari. Ziko zisizowezekana. Anayejua ni aliyeziandika.

3. Anayetumia lithiamu awe na hadhari kubwa zaidi. Mwili ukipungukiwa na maji, dawa hii huzidi katika damu mpaka ikawa sumu, na joto letu la pwani mwalijua. Mikono ikianza kutetemeka sana, akayumba, akatapika au kuharisha, mpelekeni hospitali upesi.

4. Lindeni usingizi. Kwa mwenye bipola, kukosa usingizi si uchovu tu, ni mlango wa ugonjwa wenyewe. Aswali tarawehe, halafu alale. Asikae barazani mpaka daku, na miraa na muguka zinazofukuza usingizi zikae mbali naye. Kukesha kumi la mwisho si wajibu kwake, kuwa mzima ni amana.

5. Itumieni rukhsa. Allah (S.W.T.) katika Suratul Baqara amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Aliyepotewa na akili kalamu imeinuliwa kwake, haandikiwi dhambi. Na mwenye maradhi yasiyotarajiwa kumuondoka, mashekhe watawaeleza habari ya fidya. Maradhi ya akili ni maradhi. Mwenye figo mbovu hatumuulizi kwa nini hafungi, basi na huyu tusimuulize.

6. Jueni tofauti ya ibada na ugonjwa. Ibada humtuliza mtu. Akizidisha ibada lakini halali, hali, anakasirika haraka, maneno yanakwenda mbio na anajiona yeye peke yake ameteuliwa, na hasa kama ameshawahi kuugua, msimsifu. Usiku wa pili au wa tatu mleteni.

7. Mtoto akisema amechoka kuishi, au ni bora asingekuwepo, msimkemee kuwa anakufuru. Kaa naye. Muulize moja kwa moja kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo kichwani, humfungulia mlango. Usimuache peke yake, ondoa dawa na sumu za panya zilizomo nyumbani, na mlete hospitali siku hiyo hiyo. Wazazi wengi walikuwa wakiogopa polisi, kwani sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilihukumu kuwa kifungu hicho, cha 226, kinapingana na Katiba. Msiogope. Mtoto huyu ni mgonjwa, si mhalifu.

NANYI VIJANA

Vijana, ninyi ndio mnaoanza kuona. Mzazi huambiwa baadaye, lakini rafiki anajua mapema kuwa mwenzake amebadilika. Ukiona, usimpige picha ukairusha kwenye simu watu wacheke. Hiyo picha haifutiki. Atapona, lakini picha itabaki ikimngoja siku ya posa yake. Msimwite chizi. Nendeni kwa mamake au kwa mwalimu wa madrasa mkaseme. Na akitoka hospitali, nendeni mkamtembelee. Mtu akivunjika mguu nyumba yake hujaa wageni na machungwa. Aliyeugua akili hurudi nyumbani mlango umefungwa, hakuna anayebisha hodi. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu mwenzake, na haki hiyo haikubagua ugonjwa.

Na wale wenu mnaofikiria kusomea, madaktari wa akili nchini kwetu ni wachache sana, na wanaotibu watoto ni wachache zaidi. Wanaoweza kukaa na mama wa Kiislamu wakaelewa anaposema mwanawe ametiwa mkono, hao wanahesabika. Someni uuguzi, someni udaktari, someni saikolojia. Mshahara si mkubwa, na kuna siku utatukanwa na kurushiwa sahani. Lakini iko siku mtoto ambaye hakusema neno kwa miezi mitatu atakuambia, "Sista, nina njaa." Wallahi siku hiyo utasahau zote.

Nimalizie na kijana wangu. Mfupa uliunga, taya ikapona, dawa zikaanzwa upya. Mwaka uliofuata mamake alimleta mwezi wa Rajab bila kuitwa. Mara hii nikauliza. Tukakaa, daktari, mama, yeye mwenyewe, na imamu wao aliyekubali kuja. Ikaamuliwa mwaka ule asifunge. Siku ya kwanza, mamake asema, alilia alasiri nzima. Imamu akamwita msikitini, akamkabidhi kazi ya kupanga tende na maji ya wafungao, akamkumbusha kuwa anayemfuturisha aliyefunga hupata ujira mfano wa wake. Siku 30 hakukosa hata moja. Na saa nne usiku yule muadhini, yule yule, alikuwa akimwambia, "Haya, mwanangu, nenda ukalale."

Hiyo ndiyo jamii ninayoiomba. Mama asiyeona haya, imamu anayeelewa, muuguzi anayeuliza, na jirani anayemwambia mtoto akalale.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wanaoonekana na waliofichwa vyumbani. Wape wazazi wao subira na ujasiri. Tusamehe tulipopuuza na tulipocheka. Tufikishe Ramadhani tukiwa na afya ya miili na ya nafsi, na utukubalie. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.